Alisema kuna mtu amemkalia kifuani, sisi tukamuongezea dawa ya akili

Nimeahirisha hii post muda mrefu sana, kila siku nasema ntaandika kesho, ila wiki iliyopita kuna dada kanitumia meseji kwamba mama yake ana baipola (ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia), ameharisha siku nne mfululizo, ameanza kutetemeka mikono na kuyumba akitembea, na walipompeleka hospitali wakaambiwa "ni hali yake hiyo". Nikamwambia asisubiri hata asubuhi, amrudishe usiku ule ule na atamke neno lithiamu, dawa anayotumia, mlangoni kabla ya salamu. Ntaeleza kwanini huko chini. Ila hiyo "ni hali yake hiyo" naijua vizuri, imeishi nyumbani kwetu zaidi ya mwezi na nusura ituondolee mtu.

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, huu ni mwaka wa 11. Ametulia muda mrefu kwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo, anafanya shughuli zake, anajua dawa zake kuliko sisi. Sasa kuna kipindi akaanza kusema kuna mtu amemkalia kifuani. Anasema hivyo hivyo, "kuna mtu kanikalia hapa, usiku ndo anakuwa mzito". Familia yoyote iliyoishi na huu ugonjwa inajua ukisikia sentensi kama hiyo moyo unakushuka, unajua tayari, imerudi. Na kweli alikuwa halali vizuri, hali vizuri, amekonda, anakohoa kohoa ila alikuwa anavuta sigara kwahiyo kukohoa hakuna aliyekuhesabu.

Tukampeleka kliniki yake. Daktari akamuuliza, huyo mtu anaongea na wewe? Akajibu hapana, haongei, amekaa tu. Akaulizwa anamuona? Hapana. Maswali yakaendelea hivyo hivyo, yote ya huyo mtu, na tukatoka na dozi imeongezwa. Hakuna aliyemshika mkono kuona kama ana joto, hakuna kipimo kilichowekwa kifuani, mzani haukuguswa. Na mi nilikuwepo nimekaa pembeni yake, sikuuliza pia. Nilitoka pale nimeridhika kabisa kwamba tumewahi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Aliyegundua ni mama. Kila asubuhi alikuwa anakuta shuka limelowa na akadhani mtoto anamwaga maji usiku au dawa mpya inamfanya ajikojolee, asimseme asije akamuaibisha, anafua tu kimya kimya. Siku moja alfajiri akaingia kumfunika akagusa mgongo, shati limeloa lote na mgongo wa baridi, akaniita, akasema hili si kojo, huyu mtoto anatoka jasho la ugonjwa.

Safari hii hatukurudi kliniki ya akili, tulienda kwa wagonjwa wa kawaida. Kulikuwa na nesi pale wa umri wa mama, akamsikiliza mdogo wangu hadithi yote ya mtu aliyemkalia kifuani bila kumkatisha alafu akamuuliza swali moja tu, ukivuta pumzi ndefu anakuchoma? Akasema ndio, upande huu. Nesi akamuuliza mbona hukusema kwamba kifua kinauma. Mdogo wangu akamwangalia, akasema nilishawaambia.

Makohozi yakapimwa, eksirei ikapigwa. TB.

Yani alikuwa ametuambia kwa lugha yake kwa zaidi ya mwezi mzima. Kifua kizito, usiku kinazidi, hawezi kulala. Ni maelezo ya mgonjwa wa kifua kabisa, ila kwakuwa aliyesema ana faili la kliniki ya akili ikageuka kuwa dalili ya akili. Hili jambo madaktari wanalijua na lina jina lake kwenye vitabu vyao, mi naliita kivuli tu, kwasababu ndivyo linavyofanya kazi, ugonjwa wa akili unasimama mbele na kila kilicho nyuma yake kinakuwa gizani. Homa inaitwa wasiwasi. Kukonda kunaitwa kugoma kula. Kuchanganyikiwa kwa nimonia au homa ya uti wa mgongo kunaitwa "amelipuka tena", anachomwa sindano ya kumtuliza, analala, na vijidudu vinaendelea na kazi yao.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili wanakufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na ukiwauliza watu wengi watakwambia sababu ni kujiua. Kujiua kupo, sikupunguzi. Lakini wengi wao wanakufa kwa magonjwa ya mwili, moyo, kisukari, mapafu, na maambukizi ambayo yana dawa. Wakati wa korona watafiti wa New York waliangalia rekodi za wagonjwa 7,348 waliopimwa wakakutwa na kirusi, wakakuta mwenye skizofrenia alikuwa na hatari ya kufa karibu mara 2.7 hata baada ya kuondoa mambo kama kisukari, presha na uvutaji sigara, na kitu pekee kilichokuwa na uzito zaidi ya hapo kilikuwa umri. Nilivyosoma hiyo nilikaa chini. Mwaka 2021 Uingereza ikawaweka watu wenye magonjwa makali ya akili kwenye kundi la 6 la kipaumbele cha chanjo, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, nayo mwezi wa kumi ikaingiza skizofrenia na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kwenye orodha ya hali zinazomuweka mtu kwenye hatari ya korona kali. Sehemu nyingi nyingine wala hawakutajwa.

Watu wananiuliza sasa TB aliipata wapi. Hakuna anayeweza kujua kwa uhakika, ila mi nina wodi moja kichwani. Mwaka mmoja kabla alilazwa wodi ya akili, na wodi ile nilikuwa naingia kila siku kumuona. Vitanda vimesogezwa mpaka ukipita unapita upande upande. Madirisha yamepigiwa misumari ili watu wasitoroke. Sigara moja inazunguka midomo sita. Na kulikuwa na mzee kitanda cha pili anakohoa usiku na mchana, hakuna anayemshangaa, kwasababu pale kila mtu ana kelele zake. TB inaenda kwa hewa, inapenda chumba kilichofungwa na watu wengi na muda mrefu, sasa niambie ungetaka kuitengenezea nyumba ungejenga nini zaidi ya pale. Dirisha linaweza kuwekwa nondo likabaki wazi. Hilo tu. Nondo na hewa vinakaa pamoja vizuri kabisa, misumari ni uvivu.

Na sio wodi ile tu. Korea Kusini mwezi wa pili 2020 kirusi kiliingia wodi ya akili iliyofungwa ya hospitali ya Daenam kule Cheongdo, na waliolazwa humo, zaidi ya watu 100, karibu wote waliambukizwa. Mtu wa kwanza kufa kwa korona nchini humo alitoka kwenye wodi hiyo, alikuwa amelazwa zaidi ya miaka 20. Hakusafiri popote, hakuhudhuria mkusanyiko wowote, kirusi kilimfuata kitandani. Wodi zilizojaa zina historia ndefu ya hivi, kuhara damu, upele, mafua, TB, kila kinachopenda msongamano. Na ukitoka wodini kuna magereza na kuna kulala mtaani, ambako watu wenye magonjwa ya akili ni wengi kuliko wanavyotakiwa kuwa, na huko nako ni hewa ile ile na maji machafu na kidonda kisichofungwa.

Sasa nirudi kwenye dawa, kwasababu hapa ndo tulipokaribia kuanguka mara ya pili, na hapa ndo nataka mwenye mgonjwa nyumbani asome taratibu.

TB ya kawaida inatibiwa miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, minne iliyobaki dawa mbili. Mojawapo inaitwa rifampisini. Rifampisini inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, wakati mwingine karibu na nyekundu, jasho na machozi pia, na haina madhara, ni rangi tu ya dawa inatoka. Kila mgonjwa anatakiwa kuambiwa. Sisi hatukuambiwa. Siku ya pili mdogo wangu akatoka chooni ameshika ukuta. Hakupiga kelele, hakufanya fujo, alikaa kitandani akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "mmenipa nini?" Fikiria wewe una ugonjwa ambao kwa miaka umekwambia watu wanataka kukuwekea sumu, umepambana nao mpaka umeshinda, umeamini familia yako tena, alafu unameza kidonge ulichopewa na kaka yako na kesho yake unakojoa nyekundu. Mi mwenyewe nilivyoona niliogopa. Akagoma dawa siku tatu na sikuweza kumlaumu. Nilimrudisha kwa yule nesi, akamwambia hilo kosa ni letu sisi, tulitakiwa kukwambia, na akamuonyesha maandishi kwenye karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Akaisoma mwenyewe mara mbili. Akameza pale pale.

Sentensi moja ya kumwonya ingetosha, na haikusemwa, maelezo machache yaliyotolewa tulipewa sisi ndugu, yeye akapewa vidonge tu.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Rifampisini inaamsha vimeng'enya vya ini, ini linaanza kuchakata dawa nyingine haraka kuliko kawaida, na haloperidoli ni mojawapo ya zinazoumia sana. Yani unameza dozi ile ile ya miaka yote lakini inayobaki kwenye damu ni ndogo mno. Wiki ya tatu ya TB sauti zikaanza kurudi, na safari hii zilikuwa sauti kweli, sio kifua. Watu wakaanza kusema hamezi dawa, anazificha chini ya ulimi. Alikuwa anameza mbele yangu kila siku, nilikuwa naangalia mdomo. Ikabidi daktari wa akili na wa TB wapigiane simu, kitu ambacho kilichukua siku tisa na mimi nikitembea na karatasi kati ya majengo mawili, ndo dozi ya haloperidoli ikapandishwa akatulia. Na kuna upande wa pili ambao watu wanasahau, ukimaliza rifampisini ini linarudi kwenye mwendo wake ndani ya wiki chache, kwahiyo ile dozi iliyopandishwa sasa inakuwa kubwa kupita kiasi na lazima ishushwe, la sivyo mtu anakakamaa. Iandikeni tarehe ya kumaliza kwenye kalenda na pembeni yake muandike "daktari wa akili".

Isoniazidi nayo, ile dawa nyingine ya TB, kwa watu wachache inaweza kuleta vurugu za akili yenyewe. Uhusiano wa dawa za kifua na akili ni wa zamani kweli, mwaka 1952 kwenye hospitali ya Sea View, Staten Island huko New York, wagonjwa wa TB waliopewa iproniazidi, dawa iliyokuwa inajaribiwa kutibu TB, walichangamka kupita matarajio, watu waliokuwa wamelala wanasubiri kufa wakawa wanacheza kwenye korido, na dawa hiyo ikaja kuwa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa za sonona duniani. Ilianzia wodi ya kifua. Kwahiyo mtu akikwambia mwili ni idara ile na akili ni idara hii, sijui anaongelea binadamu gani.

VVU sitaki niipite juu juu, ingawa sio stori yangu. Watu wenye magonjwa ya akili wanaambukizwa VVU na homa ya ini B na C kwa viwango vya juu kuliko watu wengine, na ukitaka kujua kwanini usianze na tabia zao, anza na wanaowafanyia mambo. Dada anayetembea mtaani akiongea peke yake, watu wanaopita mchana wanamcheka, usiku kuna wanaomfuata. Akishika mimba ndo mtaa mzima unashangaa. Wangapi wamepelekwa kupimwa ndani ya zile saa 72 baada ya kuingiliwa ambazo dawa ya kinga bado inafaa? Na waliokwisha kuambukizwa, sonona kwao ni ya kawaida sana, na sonona ndio inayomfanya mtu aangalie chupa ya ARV asubuhi na asione sababu ya kuifungua. Kuna wakati pia dawa yenyewe ilikuwa tatizo, ARV iitwayo efavirenzi ilikuwa inaleta ndoto za kutisha na kwa wengine huzuni nzito mpaka mawazo ya kujiua, na watu walikuwa wanaona aibu kusema. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiweka dolutegraviri kuwa chaguo la kwanza. Ila kama bado unameza efavirenzi, au hata hiyo dolutegraviri, na usingizi umeharibika au giza limeingia kichwani, sema. Ni taarifa ya dawa, daktari anaihitaji.

Haya, lithiamu. Huyu mama wa yule dada. Lithiamu ni dawa nzuri ya baipola lakini inatembea kwenye njia nyembamba, kiwango kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana sana. Mwili ukipoteza maji na chumvi, kwa kuharisha, kutapika au homa ya jasho jingi, figo zinaanza kuishikilia lithiamu badala ya kuitoa, inapanda kwenye damu. Mikono inatetemeka kwa nguvu, mtu anayumba kama mlevi, ulimi unakuwa mzito, anachanganyikiwa. Mtu asiyejua anaona "baipola imepanda" na pengine anamuongezea hiyo hiyo dawa. Alafu kuna ya kuongezea ubaya, dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo zinapandisha lithiamu, na ndo watu wanazokimbilia wakiwa na homa. Yule mama alirudishwa, damu ikapimwa, lithiamu ilikuwa juu sana, akawekewa maji. Anaendelea vizuri. Maambukizi ya tumbo ya siku chache, kitu ambacho mtu mwingine angekunywa maji ya chumvi na sukari akasahau, kwake kilikuwa karibu kumuua, na hakuna aliyemuuliza ametumia dawa gani.

Na wanaotumia klozapini jamani, dawa nyingine ya skizofrenia. Ikianza homa au koo kuuma ni damu kupimwa siku hiyo hiyo, sio kesho, kwasababu klozapini kwa wachache inaangusha chembe nyeupe za damu, askari wenyewe wa mwili. Finland mwaka 1975 watu walikufa kwa maambukizi kwa njia hiyo, na ndo chanzo cha ule utaratibu wa kupima damu mara kwa mara ambao watu wanauona usumbufu. Inafanya pia mate yajae mdomoni usiku na mtu alale fofofo, mate yanaingia njia ya hewa, nimonia. Na dawa yoyote ya kundi hili la haloperidoli na klozapini, mtu akipata homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, usimpe panadol ukangoja, hiyo yaweza kuwa dawa yenyewe imemgeuka, ni ya kukimbizwa hospitali. Sisemi haya watu waache dawa. Mdogo wangu bila haloperidoli hana maisha. Nasema tuzijue.

Hata msongo peke yake unafungua mlango. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti ambapo watu 394 wenye afya njema waliwekewa puani matone yenye virusi vya mafua, wakaulizwa kabla yake maisha yao yana uzito kiasi gani, na kadiri mtu alivyokuwa na msongo ndivyo alivyozidi kuambukizwa na kuugua. Na watafiti wengine waliwapima wanaouguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, wakawachoma kidonda kidogo sawa sawa mkononi, kidonda cha muuguzaji kilichelewa kupona siku tisa zaidi ya cha asiyeuguza. Hiyo ya pili naiweka kwa ajili ya wale mnaouguza. Mama yangu alipata nimonia mwezi wa nne wa matibabu ya mdogo wangu, na sote tulikuwa tunamwangalia mgonjwa mmoja tu.

Nilichobadilisha mimi ni kwamba nina daftari. Ukurasa wa kwanza dawa zake zote na dozi, wa akili na wa mwili, na nalifungua mbele ya kila daktari hata wa meno. Joto na uzito naandika kila Jumapili, kwasababu nyingi ya dawa hizi zinanenepesha, mtu anayezimeza akianza kukonda bila kutaka kuna kitu. Akisema jambo la ajabu kuhusu mwili wake namuuliza liko wapi, aweke kidole. Na kliniki naingia naye, ila anayejibu ni yeye, mi nasema tu pale wanapoacha kumwangalia wakaanza kuongea na mimi.

TB aliimaliza, makohozi safi, haloperidoli ikashushwa wiki ya pili baada ya dozi ya mwisho. Sigara bado, amefika tatu kwa siku. Wakati wa kumaliza yule nesi alimpima homa ya ini B, hana, na hakuwa na kinga, kwahiyo akaanzishiwa chanjo, na kadi yake ameibandika mwenyewe nyuma ya mlango wa chumba. Ya pili ni Alhamisi hii. Ameniambia nisimsindikize.